Mbuzi wa Tobiti na Flashi ya Zilipendwa



Juma hili tunataka kulisema wazi jambo ambalo waamini wengi hawaliungami katika kitubio, kwa kuwa hawalihesabu kuwa dhambi. Ni biashara ndogo inayofanyika mchana kweupe, hapa Pongwe kama kwingineko nchini. Mtu huenda kibandani na flashi yake tupu, hutaja bendi aipendayo, hutoa fedha kidogo, na baada ya muda mfupi huondoka na mkusanyiko wa nyimbo bora za bendi hiyo, tangu ilipoanza hadi ilipovunjika. Jasho la watu wengi kwa miaka mingi limekaa ndani ya kitu kisichozidi kidole gumba. Mwenye kibanda amepata riziki, mnunuzi amepata burudani. Mtunzi, mpiga gitaa na mwimbaji hawakupata hata senti moja. Tunasema bila kumung'unya maneno: huo ni wizi.

Pengine tungewaachia wenye mamlaka ya kiserikali jambo hili, lau lisingebisha hodi mlangoni pa kanisa. Hivi karibuni kikundi kimoja cha waamini kilituomba kibali cha kuuza, siku ya sikukuu ya parokia, flashi zilizojazwa nyimbo: nyingine zilipendwa za bendi za Tanga, nyingine nyimbo za kwaya mbalimbali. Faida ingenunua kinanda. Nia ilikuwa njema, na waliokuja ni watu tunaowaheshimu. Tulikataa. Na kwa kuwa wapo walionung'unika kwamba paroko hapendi maendeleo, ni haki waelezwe sababu, na waelezwe mbele ya wote.

Kwanza, hatuupigi vita muziki wa zamani. Kinyume chake, tunasema kwamba sisi watu wa Tanga ni wadeni wake wakubwa. Mwaka 1955 ilianzishwa hapa bendi ya Young Nyamwezi, jina linalotukumbusha watu wa bara waliokuja pwani kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Baadaye bendi hiyo ikajulikana kama Jamhuri Jazz. Mpinzani wake jukwaani alikuwa Atomic Jazz, naye wa hapa hapa Tanga. Mwaka 1966 ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walijiunga na Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 wakahamia Arusha, na mwaka 1971 wakavuka kwenda Kenya, ambako walijulikana kwa jina la Simba Wanyika. Wenzao kadhaa walipojitenga mwaka 1978, likazaliwa kundi la Les Wanyika. George alifariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995. Magitaa ambayo Afrika Mashariki nzima iliyacheza kwa miaka ishirini na zaidi yalianza safari yake mjini kwetu.

Upande wa taarabu, Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star. Unguja walijivunia vikundi vikubwa vyenye fidla nyingi, udi na kanuni. Vijana wa Tanga walipunguza watu, wakaingiza gitaa la umeme na besi, wakaipa taarabu mwendo mpya ambao hata Mombasa waliufuata. Humo ndimo ilimong'aa sauti ya Bi Shakila, mzaliwa wa Pangani, aliyefariki mwaka 2016.

Kupunguza mapambo namna hiyo hakukufanywa na Tanga peke yake. Miaka ya 1970 vijana wa New York na London waliuvua muziki wa roki madoido yake, wakabaki na gitaa, besi, ngoma na kelele. Muziki huo ukaitwa panki. Kundi la Ramones liliundwa New York mwaka 1974. Mwaka 1988 nyimbo zao 30 zilikusanywa katika albamu moja, Ramones Mania. Wanamuziki wanne wa mwanzo wamekwisha kufa wote, wa mwisho mwaka 2014. Hata hivyo, mkusanyiko huo unapouzwa kihalali, haki za watunzi huwafuata warithi wao. Hatuleti mfano huu ili muanze kusikiliza makelele hayo. Tunauliza tu: ikiwa vijana waliodharau adabu zote za wakubwa wao wanalindiwa jasho lao hata kaburini, kwa nini wale waliotuimbia kwa adabu katika arusi zetu watendewe kama watu wasio na wenyewe?

Mkusanyiko wa nyimbo bora, ukitengenezwa kwa haki, ni kitu cha heshima. Ni kama wasifu wa kundi zima: unasikia sauti ya kijana ikikomaa, gitaa likibadilika mkono, bendi ikigawanyika na kuzaa nyingine. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa mkusanyiko uitwao Nyota, wenye rekodi za Black Star na Lucky Star. Nyimbo zilizochezwa katika barabara za Tanga zikauzwa Ulaya zikiwa na majina ya vikundi hivyo kwenye jalada. Kuandika jina si kulipa, lakini ndiko kuanza kulipa. Sasa itazameni flashi ya kibandani. Nyimbo zimepewa namba badala ya majina. Wimbo wa Atomic unaitwa wa Jamhuri, mtunzi hatajwi, mwaka haujulikani. Mwanamuziki ameibiwa mara mbili: kwanza ujira wake, kisha jina lake. Na huku tunamwita "mkongwe" na "hazina ya taifa". Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke.

Wala hali hii haikuanza na flashi. Wanamuziki wetu wa zamani walirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, au walivuka mpaka kutafuta santuri Nairobi na Mombasa. Nyimbo za taarabu ya Tanga zilitolewa Mombasa kwa nembo ya Mzuri. Kisha zikaja kanda, na kila mwenye redio ya kunakilia akawa kiwanda. Zikaja CD za kuchoma, kisha kadi za simu, kisha flashi. Kila chombo kipya kilimrahisishia mwizi kazi. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, ikaanzisha chombo tunachokifahamu kwa jina la COSOTA. Sheria hiyo ilimlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba haya ni mawazo ya paroko tu.

Hata hivyo sisi tunasimama juu ya msingi ulio wa kale kuliko sheria hiyo. Katika Kitabu cha Tobiti, sura ya pili, tunasoma habari za Anna mkewe Tobiti. Mume amepofuka, mke anafuma ili wapate kula. Siku moja waajiri wake wanamlipa ujira wake wote na kumwongezea mwanambuzi. Tobiti anasikia mbuzi akilia ndani ya nyumba. Haoni, lakini anasikia, na anauliza: ametoka wapi huyu? Isijekuwa ameibiwa, arudishwe kwa mwenyewe. Ni kweli kwamba Tobiti alimshuku mkewe bure, na Anna alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini swali lenyewe halikuwa kosa. Mtu maskini, kipofu, mwenye njaa, hakukubali sauti ya mali ya mtu isikike nyumbani mwake kabla hajajua imeingiaje. Nasi nyumbani mwetu zinasikika sauti usiku na mchana. Ni nani kati yetu anayeuliza zimeingiaje?

Tunajua majibu yatakayotolewa, maana tumekwisha kuyasikia.

Wa kwanza atasema: "Padre, wenyewe wamekwisha kufa." Baadhi yao, ndiyo. Lakini shamba la marehemu haliwi la kila apitaye njiani. Lina wajane na yatima. Na hata pale ambapo muda wa ulinzi wa sheria umepita, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inatufundisha kwamba mali ya mtu yaweza kuchukuliwa bila haki hata pale sheria ya nchi isipoguswa. Wala flashi hizo hazina za marehemu tu. Zina za walio hai pia, ambao tunawaona wakizeeka bila fedha za dawa, kisha tunapitisha kofia ya michango kwenye misiba yao na kujiona wakarimu.

Wa pili atasema: "Tunawatangaza." Ndugu zangu, hapa Pongwe tunaishi jirani na kiwanda cha saruji. Mtu akitoka getini na mfuko begani bila kuulipia, je, mlinzi atamshukuru kwa kuitangaza saruji? Sifa haijazi sufuria. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anasema kwamba ujira uliozuiliwa wa waliovuna mashamba unapiga kelele, na kilio chao kimemfikia Bwana. Watu wa mashamba ya mkonge hawahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Lakini aliyekesha akitunga wimbo ni mvunaji pia.

Wa tatu atasema: "Sisi ni maskini, na kazi halali hazipatikani madukani." Jibu hili lina ukweli ndani yake, na hatulidharau. Maduka ya muziki yamefungwa, na zipo rekodi za zamani ambazo hata mwenye fedha hajui azinunue wapi. Lakini ugumu wa kununua haugeuzi wizi kuwa ununuzi. Redio bado ipo, na kusikiliza redio si dhambi; anayetakiwa kulipa mirabaha ni mrushaji wa matangazo. Wimbo uliowekwa mtandaoni na mwenyewe, au kwa idhini yake, unaweza kusikilizwa kwa bando dogo. Na mwanamuziki aliye hai anaweza kualikwa, akaimba, akalipwa.

Wa nne ndiye anayetuhuzunisha zaidi, kwa maana anatumia Injili. Anasema: "Nyimbo za kwaya ni utume. Tumepewa bure, tutoe bure." Maneno hayo yamo katika Mathayo 10:8. Tunamsihi asogeze kidole mistari miwili tu. Katika mstari wa 10 Bwana wetu anasema kwamba mtenda kazi anastahili posho yake. Mwanakwaya anayetoa sauti yake bure katika Misa ametoa kilicho chake. Anayenakili albamu ya kwaya nyingine na kuiuza ametoa kisicho chake, tena hakukitoa bure. Tunafahamu jinsi albamu ya kwaya inavyopatikana: michango ya mwaka mzima, mkopo wa studio, nauli, sare, usiku wa mazoezi, na mtunzi ambaye mara nyingi ni mwalimu au katekista mwenye kipato kidogo. Nakala moja ikinunuliwa na ishirini zikanakiliwa, kwaya inabaki na deni. Halafu tunashangaa kwamba kwaya nyingi hutoa albamu moja na kunyamaza. Hapa hatuwaachi kando hata mapadre, watawa na viongozi wa jumuiya. Anayepokea flashi ya namna hiyo kama zawadi na kukaa kimya amesahau swali la Tobiti.

Ndiyo maana tulikataa. Kinanda kilichonunuliwa kwa jasho la mwanamuziki aliyedhulumiwa hakiwezi kumpigia Mungu sifa. Kinanda kitanunuliwa kwa harambee, hata ikichukua muda mrefu zaidi, na kila shilingi itajulikana ilikotoka.

Je, tufanye nini? Mwenye kibanda tunamsihi aache kuuza asichokuwa na idhini nacho. Ufundi wake ni halali: anaweza kutengeneza simu, kuchaji, kuuza spika na nyaya, na kuuza muziki kwa makubaliano na wenye kazi. Kwaya zetu zisajili kazi zao, ziandikiane mikataba na watunzi, na kila nakala ibebe jina la mtunzi. Wazazi wawaambie watoto kwamba kilichomo ndani ya simu nacho kina mwenyewe. Na asijitetee mtu kwamba ni shilingi chache, maana haba na haba hujaza kibaba, katika mali kama katika dhambi.

Aliyekwisha kufaidika na biashara hii akumbuke kwamba kuungama hakutoshi bila kurudisha. Katekisimu, namba 2412, inadai malipizi, na inatukumbusha Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne. Mwenye kazi akijulikana, alipwe yeye au warithi wake. Asipopatikana kwa juhudi za kweli, mafundisho ya maadili ya Kanisa yanaelekeza kwamba fedha hizo ziende kwa maskini, zisibaki mfukoni mwa aliyezipata. Katika eneo hili la pwani maskini wanaofaa kusaidiwa si vigumu kuwapata, na baadhi yao waliwahi kushika gitaa.



Wenu katika Kristo,
Paroko