Raketi na Stara: Tusiwafungie Mabinti Zetu Mlango

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, Edwin Ekiring wa Uganda alikuwa na umri wa miaka 24 alipoiwakilisha nchi yake katika mpira wa vinyoya kwenye Michezo ya Olimpiki ya Beijing, mwaka 2008. Akarudi tena London mwaka 2012. Kijana wa nchi jirani, basi, aweza kufika huko. Swali linalotukabili sisi wazazi wa Bomang'ombe ni hili: binti wa Kiislamu akijaaliwa kipaji hicho, je, alazimike kuchagua baina ya raketi na hijabu?

Wapo wanaojibu kwa haraka kwamba akae nyumbani. Sisi twaona jibu hilo lina upungufu. Mwaka 2011 Shirikisho la Dunia la mchezo huo lilikusudia kuwalazimisha wachezaji wa kike wa ngazi ya juu wavae sketi au gauni, ati mchezo upate kuvutia watazamaji. Malaysia na Indonesia zilipinga, na wasiokuwa Waislamu nao wakapinga. Kanuni ikaahirishwa, na mwaka 2012 ikaachwa kabisa. Waliosikilizwa ni wale waliokuwamo mchezoni, si waliojitenga nao.

Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), na riwaya ya Imam Ahmad yaeleza kuwa aliwaamuru kwanza watu watangulie mbele. Hapo pana mchezo, na pana stara pia.

Kinyoya cha mchezo huu kina uzito wa gramu 5 hivi, hakistahimili upepo wa tambarare yetu. Ndiyo maana mashindano yake huchezwa ukumbini, na ukumbi una milango. Basi tuwaendee wakuu wa shule tuwaombe mambo manne: saa ya mabinti peke yao, mwalimu wa kike, mavazi ya stara, na nafasi ya kuswali Adhuhuri na Alasiri kwa wakati wake.

Tukinyimwa hayo, tutakuwa na hoja ya kumzuia binti. Ama kumzuia kabla hatujaomba lolote, huko ni kumdhulumu, kisha kuisingizia dini uvivu wetu.

Wabillahi tawfiq.