Asali ni Sukari, Tuache Kudanganyana

Wasee, niliacha chuo lakini hii haihitaji digrii. Eti asali ya Mwingi na Kibwezi "haina sukari", mwenye kisukari ajilie tu? Susu yangu aliamini hizo posti. Vijiko vitatu kwa uji kila asubuhi. Sukari ikapanda, tukalala hospitali.

Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari. Mwongozo wa WHO wa 2015 unaihesabu pamoja na ile ya dukani. Hiyo nguvu unaskia ukilamba? Ni sukari hiyo hiyo, si muujiza.

Nunueni asali ya Ukambani. Ni tamu, na wenye mizinga wanastahili pesa yao. Lakini anayeiuza kama dawa ya kisukari, muulize: bili ya susu atalipa yeye?