Mkono na Namba: Maoni Yetu Kuhusu Mapigano Katika Gemu

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu mashairi, uhakiki wa tamthilia na ile vita yetu ya kudumu ya istilahi. Safari hii sisi wanachama watano tunaokaa Al Sadd, hapa Doha, tumeomba kurasa mbili tuzungumzie gemu, na hasa zile wachezaji wanazoziita RPG za vitendo. Kwa walimu wetu ambao hawajazigusa: ni michezo ya video inayokwenda kama hadithi ndefu. Mchezaji anamkuza mhusika wake, anampa silaha, ujuzi na nguvu kadiri safari inavyosonga, lakini adui akitokea hakuna kusubiri zamu kama kwenye bao. Anapigana papo hapo kwa vidole vyake mwenyewe. Sababu ya kulileta jambo hili katika chama cha Kiswahili ipo, na hatutachelewa kuifikia.

Anayeijua Al Sadd wakati wa kiangazi anajua kwa nini tunacheza sana. Joto likishapita nyuzi 40 hakuna anayetoka kupiga mpira jioni, na vijana wa vyumba vya kupanga kati ya kituo cha metro cha Al Sadd na kile cha Joaan hujifungia na kiyoyozi na birika la chai ya karaki. Chumbani kwetu kuna Mombasa, Dar es Salaam, Unguja, Bukavu na Moroni, na padi ni moja. Kanuni basi ni nyepesi: ukifa, unampa mwenzako.

Kanuni hiyo imetupatia kipimo ambacho hatujakiona kwa wahakiki wanaocheza peke yao. Mapigano yaliyobuniwa vizuri ni yale ambayo asiyeshika padi naye anajifunza. Mmoja anakufa, wanne waliokaa kwenye mkeka wanasema kwa pamoja, “Umekwepa mapema!” Wameona kosa. Anayefuata anaingia akiwa amefika mbele kidogo, ingawa hajabonyeza kitufe hata kimoja. Gemu ikiwa mbaya, mtu anakufa na chumba kinanyamaza, kwa sababu hakuna wa kueleza ilikuwaje.

Mfano mzuri ni Elden Ring, kazi ya studio ya FromSoftware ya Japani iliyotoka Februari 2022 chini ya mwelekezi Hidetaka Miyazaki. Mapema kabisa, kwenye njia ya kuelekea ngome ya Stormveil, mchezaji anakutana na Margit, jitu lenye pembe na fimbo. Margit ananyanyua fimbo, halafu haishushi. Anaishikilia juu, na wewe uliyezoea gemu nyingine unajiviringisha kukwepa pigo ambalo bado halijaja. Unapoinuka ndipo linakushukia. Mwenzetu aliyelelewa pwani ya Kenya alicheka alipoliona hilo kwa mara ya kwanza. Alisema huo ni mchezo wa kirumbizi. Katika ngoma ile ya fimbo ya Lamu, wawili wanaingia uwanjani watu wakiwazunguka, na fundi si yule anayepiga kwa kasi, ni yule anayejua kuiacha fimbo hewani mpaka mwenzake ajisaliti. Margit anakufundisha kusoma bega badala ya fimbo, na ukishamsoma, hata ukimshinda kwa tabu unajua umemshinda kwa haki.

Hatusemi Elden Ring haina kasoro. Ukipigana na joka, kamera inajibana chini ya tumbo lake. Unabaki kutazama kucha na ukuta, na pigo linatoka mahali usipoweza kuona. Hapo chumba chetu kinanyamaza. Na baadhi ya maadui wa mwisho wana mapigo yanayofuatana marefu mno, hadi mtu anasubiri zamu yake ya kushambulia kama anayesubiri huduma dirishani. Lakini msingi wake ni imara: mwili wa adui unasema ukweli.

Tatizo kubwa la aina hii ya gemu liko kwingine. RPG ya vitendo ina mabwana wawili, mkono na namba. Mkono ni ustadi wako wa kukwepa, kukinga na kupangua. Namba ni leveli ya mhusika, nguvu ya upanga wake na uzito wa ngao yake. Mabwana hawa mara nyingi hawaelewani, na wabunifu wengi wakichoka kuwasuluhisha wanampa namba neno la mwisho.

Chukua Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Tunaitaja kwa makusudi, kwa kuwa sauti ya Bayek, shujaa wake, ni ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Ndiyo gemu iliyougeuza mfululizo ule kuwa RPG ya vitendo. Zamani maadui walikuzunguka kwa adabu na kukujia mmoja mmoja, wewe ukibonyeza kitufe cha kujibu pigo na wao wakianguka kama nazi. Origins iliondoa mchezo huo wa kuigiza. Upanga ukimgusa mtu umemgusa, ukimkosa umemkosa, na mkuki unafika mbali kuliko kisu. Hayo ni maendeleo ya kweli na tunayasifu.

Halafu namba ikaharibu karamu. Ukiingia katika jimbo ambalo leveli yako haijalifikia, juu ya kichwa cha askari wa kawaida panatokea alama ya fuvu, na askari huyo hauawi. Unaweza kumnyemelea usiku kwa ustadi wote na kumchoma kwa kisu cha siri ambacho mfululizo mzima umejengwa juu yake, naye akageuka na kukuua kwa pigo moja au mawili. Mkono haukukosea popote. Dawa pekee ni kwenda kufanya kazi ndogondogo, kuwinda na kuokoa mateka, mpaka namba ipande. Kwenye mkeka wetu hapo ndipo watu huchukua simu zao. Hakuna cha kutazama wala cha kushauri.

Hata hivyo hatukubaliani na wale wanaotaka namba ifukuzwe kabisa. Bila namba hiyo si RPG tena. Diablo, iliyoanza mwishoni mwa 1996, ilijenga utamu wake wote juu ya namba, na watu bado wanaipenda. Tena mmoja wetu anafanya kazi zamu ya usiku na vidole vyake vikirudi nyumbani vimechoka. Kwake yeye namba ni huruma. Elden Ring imelifahamu hilo vizuri. Margit akikushinda unaweza kuondoka, ukazunguka nchi, ukaongeza nguvu au ukajifunza kuita roho ya kukusaidia, kisha ukarudi. Mwenye mkono mwepesi anaweza kumpiga bila kufanya lolote kati ya hayo. Namba pale ni mlango wa uani. Katika Origins ni kufuli kwenye mlango wa mbele.

Sasa tufike kwenye sababu ya kuandika. Aprili 2024 Abubakar Salim, safari hii akiwa mwanzilishi wa studio yake ya Surgent, alitoa Tales of Kenzera: Zau. Ni hadithi ya mganga kijana anayemwendea Kalunga, mungu wa mauti, akitaka arudishiwe baba yake. Salim mwenyewe aliitengeneza akimkumbuka baba yake aliyefariki. Wajuzi watasema si RPG kamili, ni binamu yake, nasi tunakubali. Lakini inaweza kuchezwa yote kwa sauti za Kiswahili. Hatuna haja ya kuwaeleza wanachama maana ya kukaa ugenini Ghuba, na kumsikia shujaa wa gemu akimlilia Baba bila kusoma tafsiri chini ya skrini.

Kwa sababu hiyohiyo tumegombana na baadhi ya wenzetu chamani. Wanasema gemu inayozungumza lugha yetu tuipigie makofi na kasoro tuwaachie wengine. Sisi tunaona kinyume. Riwaya ya Kiswahili haihakikiwi kwa upole eti kwa kuwa ni ya Kiswahili. Walimu wetu hapa wanatukata alama tukifanya hivyo.

Basi tuihakiki. Zau ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Cha jua ni cha kupigania karibu kwa moto, cha mwezi ni cha kurusha mapigo ya baridi kutoka mbali, na kubadilisha ni kitufe kimoja, hata katikati ya pigo. Ni wazo zuri sana. Katika saa za mwanzo mchezaji anachagua mwenyewe: nimkaribie au nimrushie? Anayetazama naye ana la kusema, na chumba chetu kilijaa kelele za “Mwezi! Mwezi!” Nguvu ya roho inayojikusanya unapopigana nayo ni mtihani, kwa kuwa unaweza kuitumia kujiponya au kuimalizia kwenye pigo kubwa. Uamuzi huo, uhai ukiwa umebaki kidogo, ndio mapigano yenyewe.

Kisha ubunifu unapungukiwa pumzi. Aina za maadui ni chache, na badala ya kuwapa tabia mpya wabunifu wanawavika ngao za rangi, kila rangi ikidai kinyago chake. Chaguo lililokuwa la mchezaji linageuka agizo: ukiona rangi hii, vaa hiki. Mara kwa mara uwanja unafungwa na huachiwi kupita mpaka umalize mawimbi ya maadui walewale uliowapiga bonde lililopita. Cha ajabu ni kwamba mapambano na roho kuu, kama Impundulu ndege wa radi, yanaonyesha kuwa studio ile iliweza zaidi. Pale kuna mwendo, hofu na mdundo. Tungependa roho hiyo ingegawanywa kwa askari wadogo pia.

Si mara ya kwanza kwa kazi ya Kiafrika kukwama hapo. Aurion: Legacy of the Kori-Odan, iliyotengenezwa na Kiro'o Games huko Yaoundé, Kameruni, na kutoka mwaka 2016, ni RPG ya vitendo hasa, yenye mfumo wa kuchanganya nguvu za mababu ambao hatujauona kwingine. Lakini mapigano yake ya njiani yanajirudia hadi utajiri ule unasahaulika. Tunadhani sababu ni fedha zaidi kuliko akili. Adui mmoja mpya ni wiki za kazi ya wachoraji na waundaji mwendo, na studio ndogo huwa inazimaliza kwenye hadithi na picha, kwa kuwa hizo ndizo zinazoonekana kwenye tangazo.

Na fedha ndiyo habari yenyewe. Oktoba 2024 Surgent ilitangaza kuisimamisha timu yake ya gemu huku ikitafuta mfadhili wa kazi nyingine, RPG iliyopewa jina la muda la Project Uso. Uso, kwa Kiswahili chetu. Ikipata mfadhili na ikatoka, itashindana na kina Elden Ring kwenye rafu moja na kwa bei ya mkoba uleule, na huruma ya wasemaji wa lugha haitaibeba.

Ombi letu kwa wabunifu hao ni dogo. Wapunguze ramani, wapunguze hata saa za mchezo, lakini kila adui awe na bega la kusomwa. Na kwa wanachama: tukutane tupange maneno ya kuizungumzia kazi hii. Kwa parry tumekuwa tukisema kupangua, tukiazima kwa golikipa. Mwenzetu wa Unguja hakubali. Anadai golikipa hapangui fimbo. Bado hajatuletea neno lake.