Haki ya Njia: Nani Kamfungia Mama Ndani?



Limezoeleka barazani neno hili, kwamba wanawake wa siku hizi ni wavivu, wamenenepa kwa kutotembea. Na asemaye, mara nyingi ameketi hapo tangu alasiri! Kweli, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito, na uzito huo huvuta kisukari na shinikizo la damu. Tatizo lipo, hukumu ndiyo imemwangukia asiyestahiki.

Mtazame mama wa Mabawa mwenye watoto wadogo wawili na kipato cha kubahatisha. Shirika la Afya Duniani lamtaka mtu mzima aushughulishe mwili walau dakika 150 kwa wiki, mfano kwa kutembea haraka. Atembee wapi? Mmoja yuko mgongoni, mwingine kamshika mkono, na bodaboda zampita ubavuni kwa kasi. Mvua ikinyesha, mtaro uliojaa taka humwagikia njiani. Jua likizama, vijana wa kijiweni humpigia miluzi. Basi hubaki mlangoni. Je, huo ni uvivu, au ni kifungo?

Wapo watakaosema dini imemtaka hivyo. Mbona Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) safarini, akamshinda, na siku nyingine Mtume akamshinda yeye, kama alivyopokea Abu Daud? Sitara ni wajibu. Kudhoofika mwili si sharti la sitara.

Tena Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha Masahaba kukaa njiani, na waliposema hawana budi, akawataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Haki hizo tumezitekeleza?

Enyi waumini, msingoje Halmashauri kwa kila jambo. Zibueni mtaro wa mtaa wenu. Wakemeeni vijana wenu, na waendesha bodaboda mnaoswali nao safu moja. Uwanja wa madrasa utengewe akina mama saa maalumu. Nawe mume, mpokee mkeo mtoto kwa nusu saa, Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia ahli zake nyumbani.

Tuifungue njia kwanza, ndipo tumuulize mama kwa nini hatembei.