Usiniambie Ninunue Diski

Kuna jibu moja ambalo kila mtu anayecheza gemu kwenye kompyuta hapa Kenya ameshalisikia. Unalalamika kwamba ukiunganisha modi zako diski inajaa, gemu inakwama, laptopu inanguruma kama kinu cha posho halafu inajizima. Jibu linakuja mbio: nunua SSD kubwa, ongeza RAM. Linasemwa kwa upole, lakini maana yake ni kwamba kama huna pesa, toka uwanjani.

Mimi nalipinga. Uzito wa modi si mvua, ati umenyesha tu na hakuna wa kuulizwa. Kuna mtu aliamua faili iwe kubwa hivyo, na mara nyingi aliamua bila kukufikiria wewe.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu linatuchanganya. Hapa kwetu mtu akisema "memori imejaa" anamaanisha simu haina pa kuweka picha nyingine. Hiyo ni stoo. Kwenye kompyuta diski ndiyo stoo, na RAM ni meza ya kazi. Gemu hutoa vitu stoo na kuvipanga mezani. Meza ikijaa, Windows hukopa kipande cha stoo kiwe meza ya dharura, na stoo nayo ikiwa imejaa, gemu inaanguka. Zile laptopu za ex-UK tunazonunua Luthuli na Moi Avenue mara nyingi huja na RAM ya GB 4 au 8, bila kadi ya picha ya pekee, kwa hivyo picha za gemu zinakaa kwenye meza hiyo hiyo ndogo. Ndiyo maana unaweza kufuta sinema zako zote, ubaki bila sinema, na gemu bado ikwame.

Sasa, ushahidi kwamba uzito ni uamuzi. Helldivers 2, iliyotoka Februari 2024, ilifikia takriban GB 154 kwenye kompyuta. Sababu kubwa ilikuwa kwamba faili zile zile zilinakiliwa mara nyingi, ili diski za zamani zenye sahani inayozunguka zisihangaike kutafuta kitu mbali. Desemba 2025 studio ya Arrowhead ikatoa toleo lisilo na nakala hizo. Lilikuwa takriban GB 23, na gemu ilikuwa ile ile. Walipopima, waligundua kwamba muda mwingi wa kusubiri ulitokana na kazi ya kujenga ramani, si na diski. Yaani zaidi ya GB 130 zilikaa kwenye mashine za watu kwa sababu ya hofu ambayo studio haikuwa imeipima kwenye gemu yake yenyewe. Kila aliyeshusha gemu hiyo kwa data ya kulipia aliigharamia hofu hiyo.

Hiyo ni kampuni. Kwenye modi, ambako kila mtu ni mhandisi wa chumba chake cha kulala, mambo ni yale yale. Vijana wa hapa wameingiza matatu kwenye Bus Simulator Indonesia, na michoro yake na mbwembwe zake zote, na hiyo kazi naiheshimu. Lakini hebu tupige hesabu ya teksha, yaani zile picha zinazovishwa gari, ukuta ama uso wa mtu. Teksha ya pikseli 4096 kwa 4096, hata ikibanwa hadi baiti moja kwa kila pikseli, inakula MB 16. Ya 1024 kwa 1024 inakula MB 1. Skrini ya laptopu nyingi za bei nafuu ni pikseli 1366 kwa 768, jumla yake kama milioni moja. Ukivisha tairi moja picha ya pikseli milioni 16, umeweka ndani ya tairi vitu mara kumi na sita ya vile ambavyo skrini nzima inaweza kuonyesha. Nani ataviona, bana? Hakuna. Lakini RAM itavibeba vyote.

Halafu kuna wale wanaokuambia, "Unganisha tu modi zako, itakuwa nyepesi." Hapa ndipo watu wanapotezwa. Kuunganisha si kupunguza. Skyrim ya 2011 haikubali zaidi ya faili 255 za plagini, ndiyo sababu watu walianza kuziunganisha: walitafuta nafasi kwenye orodha, si kwenye diski. Plagini nyingi ni ndogo sana. Uzito uko kwenye teksha na sauti, na hizo haziguswi na muungano. Tena toleo hilo la 2011 ni la biti 32, haliwezi kutumia zaidi ya GB 4 za memori hata ukiwa na RAM ya GB 32. Aliyekuambia uongeze RAM kwa ajili yake alikutuma dukani bure.

GTA San Andreas nayo inafundisha. Modeli na teksha zake nyingi zimo kwenye faili moja kubwa, gta3.img. Ukiingiza gari jipya lililo zito kuliko la zamani, linawekwa mwishoni, na pale lilipokuwa la zamani panabaki shimo. Badilisha magari hamsini, una mashimo hamsini. Programu za kuhariri faili hiyo zina amri ya kuijenga upya, inayoziba mashimo yote. Kubofya mara moja tu, na kuna watu wamefuta gemu nzima kwa kukosa kuambiwa hivyo.

Nafasi hasa huliwa wakati wa kazi yenyewe. Tuseme zipu zako ni GB 10, zikifunguliwa zinakuwa GB 18, na muungano unatoa GB 18 nyingine. Tayari ni GB 46 kwa kitu kinachohitaji 18. Basi hamisha zipu kwenye diski ya nje kabla hujaanza. Angalia modi zinazogombania faili moja: inayopakiwa mwisho ndiyo inaonekana, iliyoshindwa inakaa diskini ikila bure. Iondoe. Punguza teksha kabla ya kuunganisha, si baada. Cheza kidogo, hakikisha sevu zako ziko salama, ndipo utoe faili za asili. Na kama unatumia Vortex, jua kwamba faili inaonekana sehemu mbili lakini nafasi yake ni moja, kwa sababu ni kiungo. Ukifuta upande mmoja kwa haraka, hutapata nafasi yoyote, na unaweza kujivurugia gemu.

Najua mtanijibu kwamba modi ni za bure, na anayepewa bure hachagui. Kwanza, si bure kwa anayelipia kila GB anayoshusha. Pili, sidai mtu afanye kazi zaidi bila malipo. Kupunguza teksha kwa wingi ni kazi ya programu, na unaweza kuiacha ikiendelea ukaenda kunywa chai. Na tatu, heshima iende pande zote mbili: anayeunganisha modi za wengine kwenye mashine yake yuko sawa, lakini akizipakia upya kama furushi moja lisilo na majina ya waliozitengeneza, huo ni wizi. Gawa maelezo ya jinsi ulivyounganisha, usigawe jasho la mtu.

Ninachodai ni kidogo. Ukiunda modi, toa matoleo mawili, zito na jepesi. Andika ukubwa wake baada ya kufunguliwa, si wa zipu peke yake. Sema inahitaji RAM kiasi gani kwenye mashine uliyoijaribia. Na wewe wa "nunua SSD", kabla hujamjibu msee, muulize kwanza mashine yake ina nini, kisha umsaidie kupata nafasi iliyomo tayari.