Upepo wa Makambako haujazi tairi

Kama uko Njombe najua umejikunyata na koti lako zito, kikombe cha chai mkononi. Kama uko Makambako najua umeshika kofia isipeperuke. Na kama uko Dar unatokwa jasho, shauri yako, ulihama mwenyewe.

Makambako kuna upepo bwana, anayebisha ashuke basi pale stendi na mwavuli aone. Lakini pamoja na upepo wote ule wa bure, tembea kando ya barabara kuu uhesabu magari yaliyolalia ringi kama kondoo aliyechoka. Upepo wa Makambako haujazi tairi. Tairi linataka pampu, linataka geji, na linataka mwenye gari mwenye akili zake.

Mada ya wiki hii imezuka nyumbani kwetu. Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtu wa parachichi. Msimu mmoja ulimnyookea, akajivuta akanunua mkoko wa Kijerumani, wa mtumba lakini unang'aa utadhani umetoka dukani jana. Mtaani akapandishwa cheo, akawa "bosi". Kila Jumamosi anampakia dada na watoto wawili, wanateremka Makambako kumsalimia bibi. Ni kilomita kama 60 tu, lami tupu.

Kimbembe kikaanza tairi zilipoisha kashata, zikawa vipara kama kichwa cha mjumbe wetu. Halafu kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano, ina umbo la kiatu cha farasi na alama ya mshangao katikati. Fundi mmoja akampa dawa ya haraka: "Bosi, hiyo taa ni urembo wa Wazungu tu. Nikuzibie na utepe mweusi uendelee na maisha?"

Shemeji akafurahi, utepe ni bei ya karanga. Dada akagoma palepale. "Mimi na wanangu hatupandi. Nenda na utepe wako."

Jumamosi mbili shemeji akaenda peke yake. Ndo nikaitwa mimi kusuluhisha, mwanafunzi wa kidato cha nne niliyeishia hapohapo, lakini kwenye magari nimekulia. Shemeji akanivuta pembeni. "Shemeji, tairi nne na sensa nne, hela ntatoa wapi? Na Januari ada ya mtoto inakuja." Hapo sikucheka. Ada ni ada.

Kwanza nikuwekee sawa hili neno. Sensa ninayosema siyo ile ya watu na makazi ya Agosti 2022. Hii ni kidude kidogo kinachokaa ndani ya tairi, nyuma ya ile nozeli ya kujazia upepo. Kina betri yake, kinapima upepo na kurusha taarifa kwa redio hadi kwenye dashibodi. Betri yake huishi kama miaka 5 hadi 10 hivi, na mara nyingi huwezi kuibadilisha, unanunua kidude kizima. Sasa gari lililotumika Ulaya miaka minane, likapanda meli, likafika kwetu, hiyo betri unadhani ina hali gani?

Kuna aina ya pili ambayo haina kidude chochote ndani ya tairi. Gari lenyewe linahesabu mzunguko wa magurudumu kwa kutumia mitambo ya breki za ABS. Tairi lililopungua upepo kipenyo chake hupungua, linazunguka haraka kuliko wenzake, gari linashtuka. Hii haina gharama. Ukishajaza upepo sawasawa unabonyeza kitufe au unaingia kwenye menyu unaliambia gari lianze kuhesabu upya. Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu hata senti moja kwa ajili ya sensa, uliza gari lako ni la aina gani. Wapo walioingizwa mjini, wakauziwa vidude ambavyo gari lao halivijui.

Wazungu nao hawakubuni mambo haya kwa urembo. Mwaka 2000 kule Marekani mamilioni ya tairi za Firestone yalirudishwa kiwandani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer. Tairi zilikuwa zinabanduka ngozi gari likiwa kasi, linapinduka. Waliokufa walipita 200. Mwaka huohuo bunge lao likatunga sheria, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya kule likatakiwa liwe na kifaa cha kuonya upepo ukipungua. Ulaya wakafuata, magari madogo yote mapya kuanzia Novemba 2014. Vigari vingi tunavyoletewa kutoka Japani, hizi IST na Noah zetu, havina kabisa. Ndo maana washikaji wengi wakiiona taa hiyo wanadhani gari limerogwa.

Sasa jifunze kuisoma. Ikiwaka na kutulia, maana yake upepo umepungua, simama upime. Ikipepesa kwa dakika moja hivi kila unapowasha gari, kisha ikatulia bila kuzima, huo ni ugonjwa wa mtambo wenyewe, huenda kidude kimekufa au kimetolewa. Ya shemeji ilikuwa inapepesa. Kumbe gari lilikuwa linamwambia kila asubuhi, "Bosi, mimi sioni tena, angalia mwenyewe." Yeye anataka kuliziba mdomo.

Na kwa sisi watu wa Njombe kuna kituko kingine. Upepo ndani ya tairi hunywea kwa baridi. Kila joto likishuka nyuzi 6 hivi, unapoteza karibu paundi moja. Umejaza saa nane mchana jua linawaka nyuzi 25, umeamka asubuhi ya Julai nyuzi 7, tayari paundi tatu zimepotea bila pancha. Taa inawaka nyumbani, unafika Mtwango tairi zimepata moto, taa inazima. Huo siyo uchawi. Pima asubuhi kabla hujaondoka, tairi likiwa baridi, ujaze kufuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Usifuate namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ile ni kikomo cha tairi, siyo mahitaji ya gari lako.

Haya, tuje kwenye tairi zenyewe. Zamani tulikuwa na kiwanda chetu cha General Tyre, Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969. Mitambo ikaja ikazimwa, na leo ukiingia dukani unakutana na China, Thailand, India na majina mengine ambayo hata muuzaji anayatamka kwa kubahatisha. Usitishike na jina. Soma ubavu.

Tuchukue tairi lililoandikwa 195/65R15 91H. Ile 195 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu, asilimia 65 ya upana huo. 15 ni inchi za ringi. 91 ni mzigo, tairi moja linabeba kilo 615. H ni mwendo, kilomita 210 kwa saa, ambazo wewe huzihitaji na trafiki hazitaki. Watu wengi wanasoma ringi tu. Wenye michomoko ya abiria, nawaomba kwa magoti, someni ile namba ya mzigo. Unanunua tairi la kubeba wembamba, halafu unapakia watu wanane, magunia ya viazi na mbuzi juu!

Kisha tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho. Ukiona 2324, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2024. Ukiona 1112, hilo tairi ni la 2012, limri hilo. Linaweza kuwa na kashata zinazometa kwa kupakwa dawa nyeusi, lakini mpira umekauka kama biskuti. Ukilikunja ubavu utaona nyufa ndogondogo. Achana nalo.

Kuna na mtego wa mtumba wa Japani. Ukiona neno STUDLESS ubavuni, hilo ni tairi la kwenye theluji. Mpira wake ni laini makusudi. Njombe tuna baridi, tuna ukungu, lakini theluji hatuna. Ukiliteremsha kwenye lami ya moto kuelekea Dar, zaidi ya kilomita 600 kutoka Makambako, linaisha kama sabuni.

Na yale yaliyochongwa kashata upya kwa kisu cha moto? Hayo hata kwa bure usichukue. Tairi la gari dogo halina nyama ya kuchonga. Unachokiona kinachongwa ni uhai wako.

"Sasa mshiko mdogo, nifanyeje?" Piga hesabu na mimi. Tuseme mtumba ni shilingi 60,000 na jipya la bei ya chini ni 150,000. Mtumba likakufikisha kilomita 10,000, jipya likafika 40,000. Mtumba umelipia shilingi 6 kila kilomita, jipya shilingi 3 na senti 75. Anayekwenda Njombe-Makambako na kurudi kila siku, hizo kilomita 10,000 anazimaliza kabla miezi mitatu haijaisha. Nani katumia hela nyingi hapo? Maskini ndiye anayenunua mara nyingi, mjini shule.

Hela ikigoma kabisa, nunua mbili mpya kwanza. Na hizo mpya funga nyuma. Najua utabisha, wengi wanafunga mbele. Lakini kwenye mvua, matairi ya nyuma yakipoteza lami gari linazunguka kama pia na usukani haukusaidii kitu. Mbele yakiteleza, walau unaachia mafuta unalirudisha. Zile mbili zilizobaki zisiwe vipara. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo, kashata ikishafika usawa wa vinundu hivyo imebaki milimita 1.6, basi tena, kazi imekwisha. Mimi kwa mvua na ukungu wa Njombe nisingesubiri ifike huko.

Tukarudi kwa shemeji. Tulifika Makambako kwenye duka moja, tukaacha majina makubwa, tukasoma ubavu mmoja mmoja. Akapata nne mpya za bei ya chini, mzigo sahihi, tarehe ya karibuni. Kabla fundi hajashika chuma nikamwambia, "Fundi, ndani kuna sensa, anza kubandua mbali na nozeli." Wengi hawaambiwi, wanachomeka chuma, kidude kinavunjika, halafu lawama kwa mtengeneza gari. Vilivyopimwa viwili vikawa hai, viwili maiti. Maiti wakatolewa, pakawekwa nozeli za kawaida za mpira. Vipya atanunua parachichi zikikubali. Nikamwonya akija kununua aangalie mawimbi pia, magari mengi ya Ulaya hutumia megahezi 433, ya Marekani mengi 315. Ukichanganya, havisikilizani.

Ada ya Januari haikuguswa. Hela iliyobaki tukanunua geji ya mkono, ndogo kama kalamu. Dada akaipokea, akaitia kwenye mkoba wake. "Hii haikai kwenye gari," akasema. "Inakaa kwangu. Sijapima, sipandi."

Jumamosi ya tatu dada akainama kwenye tairi la nyuma kushoto, geji ikasoma 26 badala ya 32. Shemeji akaanza kusema ni baridi. Dada akamuuliza, "Baridi imechagua tairi moja?" Kuangalia vizuri, msumari. Fundi pancha akaziba, safari ikaendelea. Taa muda wote ilikuwa imewaka vilevile, isingesema lolote jipya. Hata ingekuwa nzima, sheria ya Marekani inaitaka ionye upepo ukishapungua robo nzima, yaani 32 ikishuka hadi 24. Geji ilishamwambia dada kabla ya hapo. Kwa hiyo hata wewe mwenye sensa mpya zinazometa, usiitupe geji.

Na wewe mwenye gari lisilo na spea tairi, lenye yale matairi magumu ya kutembea bila upepo, sensa kwako siyo hiari. Yale hata yakiisha upepo huoni kwa macho, na uwezo wake kwa kawaida ni kama kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80. Bila taa utajuaje umeanza kuhesabu?

Shemeji bado anaitwa bosi mtaani. Lakini Jumamosi asubuhi, kabla gari halijawashwa, wote tunajua bosi ni nani.

Haya, nakuacha na geji yako. Wiki ijayo panapo majaliwa tuonane hapahapa. Kama gari huna usinune, baiskeli nayo ina tairi.