Mjumbe wa kinga asiyenyamaza

Mwili wa mwanadamu una wajumbe wake. Chembe nyeupe za damu zinapokutana na vijidudu hutoa protini ndogo ziitwazo saitokini, ambazo huziita chembe nyingine zije kusaidia. Mmoja wa wajumbe hao ni TNF. Akipaza sauti, damu hukimbilia mahali palipoingiliwa, pakavimba na kupata joto. Adui akishindwa, mjumbe hunyamaza na jeraha hupona.

Katika ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa na madaktari wa New York mwaka 1932, mjumbe huyu hanyamazi. Utumbo huvimba kwa miaka na kutoka vidonda. Mgonjwa huumwa tumbo, huharisha na kukonda. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si matokeo ya uchafu.

Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha infliximab, dawa itolewayo kwa dripu, ambayo huikamata TNF na kuizuia isifanye kazi. Wagonjwa wengi walipata nafuu. Lakini mjumbe huyo ana kazi nyingine: husaidia kuimarisha ukuta unaovizingira vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mwilini. Mwaka 2001 watafiti walitoa taarifa ya wagonjwa 70 waliougua kifua kikuu baada ya kutumia dawa hiyo, wengi wao wakiwa wamepata dozi tatu tu au pungufu.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako kifua kikuu bado kimeenea, jambo hili ni zito. Zaidi ya hayo, kifua kikuu hushambulia hata utumbo, tena mara nyingi mahali pale pale panapopendwa na Crohn: utumbo mwembamba unapoungana na mpana. Dalili zake hufanana mno. Kumpa mwenye kifua kikuu dawa ya kushusha kinga ni kumfungulia mwizi mlango.

Basi ndugu yenu akiandikiwa dawa ya namna hii, muulizeni daktari kwa adabu: je, amepimwa kifua kikuu? Mwelezeni pia, bila kuficha kwa sababu ya aibu, iwapo kuna mtu nyumbani aliyewahi kuugua maradhi hayo. Aibu ya dakika moja ni nyepesi kuliko msiba. Na akiwa kwenye dawa, homa za jioni, jasho la usiku au kikohozi kisichokwisha visingojewe: arudishwe hospitalini mara moja.